Nilienda kuulizia Arusha, nikarudishwa kortini Nakuru

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimewanyima kwa sababu ya foleni: nilitoka Njoro alfajiri, nikafika saa mbili, nikaitwa saa sita unusu, na benchi lao la nje halina hata egemeo.

Ni ile kliniki ya msaada wa sheria ya hapa mjini, ngazi nyembamba juu ya duka la mbegu. Ushauri ni bure. Kopi unalipa mwenyewe, shilingi tano kwa ukurasa.

Nilibeba faili la kesi ya shamba. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilikuwa imeniangusha siku kumi na moja kabla, na kwa kuwa niliyemshtaki ni serikali, moyo wangu wote ulikuwa Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu. Si Waogiek, wale wa msitu wa Mau, waliishinda serikali huko 2017? Na 2022 si serikali iliamriwa iwalipe zaidi ya shilingi milioni 157?

Wakili, binti wa rika la kitindamimba wangu, hakunicheka. Aliuliza tu, "Mzee, rufaa umekata?" Sikuwa nimekata. Akavuta kalenda, akahesabu kwa kidole: notisi ya rufaa ni siku 14 tangu uamuzi. Zimebaki tatu. (Wakili wangu wa awali, aliyekula ada yote, hakuwahi kunitajia hizo siku.)

Ya Arusha alinieleza tukingoja kopi. Kenya haijatoa tamko la kumruhusu mwananchi apeleke kesi yake mwenyewe Mahakama ya Afrika. Unapitia kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, kule Banjul, Gambia. Hata Waogiek, ni Tume iliyowafikisha. Nayo Tume, kwa Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, inauliza kwanza kama umemaliza njia za nyumbani, isipokuwa zikiburutwa kupita kiasi. Akanitolea mfano wa Waendorois wa Ziwa Bogoria: walianzia Mahakama Kuu papa hapa Nakuru, wakatupwa 2002, ndipo wakaenda kwa Tume, na ushindi wao ukatangazwa 2010. Jina lao nililijua. Sikujua walianzia korti ya mji huu huu.

Nikajaribu ujanja: na ile korti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki? Akacheka sasa. Hiyo haidai umalize za nyumbani, lakini inakupa miezi miwili tu tangu tendo unalolalamikia, na shamba langu lilichukuliwa 2016.

Kasoro nyingine: kikaratasi chao cha maelezo ni Kiingereza kitupu. Mama aliyekaa kando yangu alikigeuza mara mbili, akakifungia vitunguu vyake.

Notisi niliiweka siku ya 13, jioni jioni, karani akiwa ameshashika funguo. Risiti iko juu kabisa ya faili. Mkienda, nendeni Jumanne, Jumatatu kunajaa. Na mbebe mto wa kukalia.