Xfce juu ya FreeBSD: uzoefu wangu wa kujijengea eneokazi

Ukimaliza kusakinisha FreeBSD, mfumo endeshi huria wa jamii ya Unix, na mashine ikawaka upya, unachokabidhiwa ni skrini nyeusi yenye neno `login:` na kishale kinachopepesa. Basi. Hakuna picha ya mandhari, hakuna ikoni, hakuna menyu. Aliyezoea Debian ya jamii ya Linux, ambako kisakinishi kinakuuliza unataka eneokazi lipi, GNOME, KDE au Xfce, nawe unaweka alama tu, anaweza kudhani kuna kitu kimekatikia njiani. Hakuna kilichokatika. Mradi huu, ulioanza mwaka 1993, unakupa mfumo wenyewe, yaani keneli (kiini kinachoongea na vifaa) na zana zake, halafu eneokazi unajitafutia.

Nimekuwa nikitumia Xfce juu ya FreeBSD kwa kazi za kila siku, kwenye laptopu yenye grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa. Maoni yangu ni kwamba shughuli hii si ngumu kama inavyovumishwa, na pale penye ugumu sipo watu wanapopaogopa. Wengi wanaogopa kuandika amri. Amri zenyewe ni chache na zimeelezwa vizuri kwenye kitabu rasmi cha FreeBSD, ambacho kwangu ndicho kitu bora kuliko vyote katika mradi huu. Kinachotoa jasho ni vifaa: draiva ya grafiki, Wi-Fi, na kuilaza laptopu ikaamka salama.

Kwa nini Xfce? Kwa sababu haina papara. Ilianzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, mwaka uleule KDE ilipotangazwa, na hadi leo inakwenda kwa mwendo wake. Toleo la 4.18 lilitoka Desemba 2022, la 4.20 likatoka Desemba 2024, na aliyehama kutoka la kwanza kwenda la pili hakulazimika kujifunza upya mahali pa kubofya. Mimi eneokazi nalitaka linipe madirisha, paneli, kidhibiti faili na mikato ya kibodi, kisha linipishe nifanye kazi. KDE Plasma nimeijaribu pia, na nitaigusia mbele kidogo.

Kabla ya kuandika amri yoyote inafaa kuelewa kwamba unachokiita eneokazi ni vitu vinne tofauti. Kuna Xorg, seva inayochora kwenye skrini na kupokea kibodi na kipanya. Hii ni mtoto wa X Window System iliyozaliwa MIT mwaka 1984. Kuna draiva ya grafiki ndani ya keneli. Kuna Xfce yenyewe. Na kuna lango la kuingilia, yaani ile skrini nzuri inayokuomba jina na nywila. Mimi natumia LightDM. Kwenye mifumo inayokuja tayari vinne hivi vimeshonwa pamoja hata huoni mshono. Hapa unaviweka kimoja kimoja, na faida yake utaiona siku kimojawapo kikigoma, kwa sababu utajua pa kushika.

Vifurushi vyenyewe huchukua mstari mmoja:

`pkg install xorg drm-kmod xfce lightdm lightdm-gtk-greeter`

Halafu unaviambia viwake mashine inapowaka. FreeBSD huweka mambo haya kwenye faili moja, `/etc/rc.conf`, na badala ya kulifungua na kulihariri kwa mkono, kuna `sysrc`:

`sysrc dbus_enable=YES`
`sysrc lightdm_enable=YES`
`sysrc kld_list+=i915kms`

Mstari wa tatu ndio wenye roho ya jambo zima. `i915kms` ni moduli ya keneli, yaani ile draiva, kwa grafiki za Intel. Mwenye AMD ya karibuni ataandika `amdgpu`, mwenye AMD ya zamani `radeonkms`, na mwenye NVIDIA ana kifurushi chake tofauti kabisa kiitwacho `nvidia-driver`. Moduli hizi za Intel na AMD zimetolewa kwenye Linux na kuhamishiwa FreeBSD, kwa hiyo uwezo wa kutambua kadi mpya huja nyuma ya Linux kwa muda fulani. Ukiwa na laptopu iliyotoka kiwandani juzi, angalia kwanza kama kadi yake imeshafikiwa. Ukiwa na mashine yenye umri wa miaka miwili mitatu, uwezekano mkubwa hutapata shida.

Napenda kuijaribu moduli kwa mkono kabla ya kuiandika popote. Unaingia kama root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, unaandika `kldload i915kms`, unabonyeza Enter. Skrini inazima kwa kufumba na kufumbua, kisha inarudi na herufi zimenywea ghafla, ndogo na kali, kwa sababu sasa keneli inautumia ukubwa wa kweli wa skrini badala ya ule iliokopeshwa na UEFI, programu ya awali inayoiwasha mashine. Ukiona herufi zimenywea, shughuli imekwisha kwa asilimia kubwa. Skrini ikibaki nyeusi, zima na uwashe. Kwa kuwa hujaandika chochote kwenye `rc.conf`, mashine itawaka kama kawaida na utabaki na nafasi ya kutafuta sababu. Moduli hii isiwekwe kwenye `/boot/loader.conf` kama baadhi ya maelekezo ya zamani yanavyosema. Mahali pake ni `kld_list`.

Kuna mstari mmoja zaidi ambao wengi huuruka kwa sababu bila huo kila kitu kinaonekana kufanya kazi:

`pw groupmod video -m jina-lako`

Bila kuwa ndani ya kundi la `video`, huruhusiwi kuigusa kadi ya grafiki moja kwa moja. Madirisha yatafunguka na paneli itaonekana, lakini uchoraji wote utafanywa na prosesa. Dalili yake ni video inayokwamakwama na feni inayovuma kwa kazi ndogo. Mtu akiniambia Xfce ni nzito kwenye FreeBSD, swali langu la kwanza huwa ni kundi hili.

Kama LightDM haitokei, au inatokea na kukurudisha palepale baada ya kuandika nywila, usianze kubahatisha. Fungua `/var/log/Xorg.0.log` utafute mistari yenye alama ya `(EE)`. Sijawahi kuona mahali ambapo kusoma faili la kumbukumbu kunalipa haraka kama hapa.

Sasa jambo ambalo limenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Xfce ikishafunguka, nenda kwenye menyu ya kutoka, na kuna uwezekano vitufe vya kuzima na kuwasha upya vimefifia, havibonyezeki. Si hitilafu. Mwishoni mwa usakinishaji, `pkg` ilichapisha ujumbe mrefu ambao hakuna anayeusoma, na ndani yake kifurushi cha `xfce4-session` kimeeleza kwamba ruhusa ya kuzima mashine inatolewa kwa kuweka faili dogo la kanuni ndani ya `/usr/local/etc/polkit-1/rules.d`, na hata kanuni zenyewe zimeandikwa pale tayari kwa kunakiliwa. Ujumbe ukikupita, `pkg info -D xfce4-session` inaurudisha. Kanuni zile zinawalenga walio kwenye kundi la `operator`, kwa hiyo unajiongeza huko kama ulivyofanya kwa `video`. Na kilichonichekesha ni kwamba ujumbe huo unatenga kanuni ya kulaza mashine kwa ajili ya wale ambao kwao kulala na kuamka kunafanya kazi. Ukweli mtupu, na hakuna aliyejaribu kuupamba.

Kwangu kulala kunafanya kazi, ila kuamka ndiko kuna masharti. Bila moduli ya grafiki, laptopu ilikuwa ikiamka na skrini iliyokufa. Ikiwa na moduli, inaamka vizuri karibu kila mara. Jaribu kwa `acpiconf -s 3` ukiwa hujafungua kazi yoyote ya maana, kabla hujaamini kufunga kifuniko.

Wi-Fi ndiyo sehemu niliyoipa alama za chini. Kadi iliyokuja na laptopu yangu ilitambuliwa, ikaunganishwa, lakini mwendo wake ulikuwa chini sana ya ule ninaoupata nikitumia mfumo mwingine kwenye mashine hiyohiyo. FreeBSD imekuwa nyuma kwenye viwango vipya vya Wi-Fi kwa miaka mingi, na ingawa kazi kubwa imefanyika hivi karibuni, matokeo yanategemea kadi uliyonayo. Pia usikose njia ya intaneti wakati wa usakinishaji: bila intaneti hupati vifurushi, na bila vifurushi hupati eneokazi. Njia ya kuokoa ni simu. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na `ifconfig` itaonyesha `ue0`. Andika `dhclient ue0`, uendelee. Hiyo njia haijawahi kuniangusha.

Sauti ilikuwa rahisi mno hata haina hadithi. `cat /dev/sndstat` inaorodhesha vifaa, unachagua kimoja kwa `sysctl hw.snd.default_unit`, na ukitaka kidumu unakiandika kwenye `/etc/sysctl.conf`. Mara nyingi utakuta shida ni kwamba sauti inapelekwa HDMI huku hakuna kilichochomekwa.

Kuhusu KDE Plasma niliyoahidi kuigusia. Kama disko lako linatumia mfumo wa faili wa ZFS, kujaribu eneokazi jingine hakuna hatari yoyote, na hili ndilo jambo ambalo ningemwonyesha kwanza mtu anayetoka kwingine. Kabla ya kusakinisha chochote unaandika `bectl create kabla-ya-plasma`. Hiyo inahifadhi hali ya mfumo mzima ilivyo, vifurushi vyote na mipangilio ya `/usr/local` ikiwemo, ndani ya sekunde chache na bila kula nafasi ya maana. Nikasakinisha Plasma, nikaizunguka, nikaiona ni nzuri na ina kila kitu, na kila kitu kina mipangilio yake. Nilipotosheka nikawasha upya, nikachagua hali ile niliyoihifadhi, ambayo huitwa mazingira ya kuwakia, kwenye menyu ya kuwakia, na Plasma ikawa kama haikuwahi kuwepo. Isipokuwa kwenye `/home`: hiyo haihusiki na mazingira ya kuwakia, kwa hiyo mafaili yangu yalibaki salama, na vilevile vijifaili vya mipangilio ya KDE vilibaki vimetapakaa ndani ya `~/.config`. Hivyo vilinihitaji mkono.

Tabia hiyo ya `bectl` ndiyo inayonilinda pia wakati wa kupandisha toleo. Moduli za `drm-kmod` hujengwa kwa ajili ya keneli fulani, na kwa muda mrefu vifurushi vilijengwa kwa toleo dogo kongwe linaloungwa mkono. Matokeo yake, ukipanda toleo jipya mapema, moduli ingeweza kukataa kuingia, nawe ukarudi kwenye herufi kubwa za skrini nyeusi. Dawa ilikuwa kuijenga moduli mwenyewe kutoka kwenye `ports`, mkusanyiko wa maelekezo ya kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake, kazi isiyo ngumu ila inayokula muda. Matoleo ya karibuni yamekuja na hazina ya pekee ya moduli za keneli, inayolingana na toleo ulilonalo, na tangu nilipoanza kuitumia sijagusa `ports` kwa ajili ya grafiki.

Kwa matumizi ya kila siku sina malalamiko mengi. Firefox, LibreOffice, GIMP, VLC vyote vinapatikana kwa `pkg` na vinafanya kazi kama vinavyofanya kwingine. Thunar, kidhibiti faili cha Xfce, inafungua faili papo hapo. Kumbukumbu ya RAM haijai bila sababu. Kinachokosekana, na mwenye familia nyumbani ajue mapema, ni filamu za kulipia: huduma nyingi zinadai Widevine, teknolojia ya kuzuia filamu zisinakiliwe, na Widevine haina toleo la FreeBSD. Kuna watu wanaopitia safu ya Linux iliyomo ndani ya FreeBSD na kufaulu. Mimi natazama kwenye kifaa kingine.

Asiyetaka kupita njia hii yote lakini anaitaka FreeBSD, aitazame GhostBSD, inayokuja na eneokazi la MATE likiwa limeshapangwa. Na mwenye kutaka X iliyomo ndani ya mfumo wenyewe bila kusakinisha, OpenBSD, mfumo mwingine wa ukoo huu, inakuja nayo pamoja na visimamizi vidogo vya madirisha kama fvwm na cwm, ingawa Xfce nako utaiongeza kwa mkono.

Wayland, njia mpya inayokusudiwa kushika nafasi ya X, nimeiacha kwa sasa. Xfce 4.20 inaweza kuwashwa juu yake kwa majaribio, lakini kisimamizi cha madirisha cha Xfce chenyewe, xfwm4, hakijahamia huko, kwa hiyo inabidi uazime kingine kama labwc. Siku xfwm4 au mrithi wake atakapokuwa tayari, nitaandika `bectl create` na kujaribu.