Saundiba na runinga ya ukutani: HDMI au waya wa optiki?
Runinga ikishabanwa ukutani, nyuma hubaki nafasi ya vidole viwili tu. Hapo ndipo HDMI, waya wa kupitisha picha na sauti, inapokera: kichwa chake kinene, na tundu likitazama ukuta utatafuta kichwa cha kona. Bado naichagua. Ichomeke kwenye tundu lililoandikwa ARC, linalotoa sauti ya runinga kwenda saundiba, si lolote tu, kisha washa CEC, yaani njia ya vifaa kupeana amri kupitia HDMI, kwenye mipangilio. Rimoti ya runinga itapandisha na kushusha sauti ya saundiba yenyewe.

Waya wa optiki, unaopitisha sauti kwa mwanga na wa tangu 1983, ni mwembamba na hupenya kirahisi, ila ukiukunja kwa nguvu huharibika ndani. Haubebi amri za rimoti, wala Atmos, sauti ya Dolby inayokuzunguka hadi juu. Runinga ya kabla ya 2009 haina ARC, kwa hiyo huko utatumia optiki.