Stiki ya TV au boksi la "4K" la bei chee? Nimevijaribu Mtwara na Tandahimba, sikiliza kabla hujatoa hela

Habari zenu ndugu zangu, karibuni sana. Leo nipo nyumbani hapa Shangani, Mtwara. Dirisha nimeliacha wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo mkisikia bodaboda zinapita mnivumilie.

Hapa mezani nina vitu viwili. Hiki cheusi, chembamba, ni stiki ya Xiaomi, ile ya HD kamili iliyotoka mwaka 2020. Na hili boksi la mraba halina kampuni inayojulikana, lina jina la herufi na namba tu, na juu yake wamebandika stika ya dhahabu imeandikwa 4K, yaani picha kali kupita HD. Kazi yake ni moja: unachomeka kwenye tundu la HDMI nyuma ya TV, unakipa intaneti, na TV yako ya kawaida inaanza kufungua YouTube na Netflix.

Nimerekodi video hii sasa hivi kwa sababu ya msimu. Minada ya korosho imeanza, hela zinaingia kwa wakulima, na kila mwaka wakati kama huu napigiwa simu kutoka Newala, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa: "Kaka, nina TV ya inchi 32, ninunue kidude gani?" Nataka nilijibu swali hilo vizuri. Hela ya korosho ni ya mwaka mzima. Umepalilia, umepulizia salfa, umeokota moja moja umeinama. Ikiishia kwenye kifaa cha kutupwa mimi naumia kabisa.

Na limeshatokea kwetu. Hili boksi ni la mjomba wangu wa Tandahimba. Msimu uliopita alilinunua elfu themanini, akanipigia simu kwa furaha: "Mpwa wangu, hii ni 4K, na mpira wote umo humo, bure!" Nilipolisikia lile neno "bure" nikajua tuna kazi. Nitarudi kwake.

Kwanza intaneti. Watu wengi wanaanza kuuliza stiki ipi, boksi lipi, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ngapi. Mimi nakuuliza: intaneti yako inatoka wapi, na unailipia kwa GB au kwa mwezi? Kwa sababu kifaa unakinunua mara moja, lakini bando utalinunua kila wiki.

Netflix wenyewe wameweka wazi matumizi yao. Picha ya HD inakula mpaka GB 3 kwa saa moja. 4K inakula mpaka GB 7. Sasa chukua filamu ya saa mbili kwa HD: hiyo ni GB 6 zimekwenda, na bado hamjalala. Familia ikitazama kila jioni, piga hesabu kwa bei ya bando lako la simu halafu niambie kama mwezi utaisha salama.

Ila kuna dawa, na nashangaa jinsi watu wachache wanavyoijua. Kwenye akaunti yako ya Netflix, ukiifungua kwa kivinjari cha simu, kuna sehemu ya mipangilio ya uchezaji wa video. Pale unachagua matumizi ya chini, mpaka GB 0.3 kwa saa, au ya kati, mpaka GB 0.7. Ile filamu ya GB 6, ukichagua ya kati inakuwa GB 1.4. Kwenye TV ya inchi 32, ukikaa kwenye mkeka au kochi mita mbili tatu kutoka kwenye kioo, ile ya kati inatazamika vizuri tu. Nyuso zinaonekana, maandishi ya chini yanasomeka. Mimi nimetazama hivyo wiki mbili na mke wangu hakuuliza kitu.

YouTube nayo usiiache ichague yenyewe. Ikiona mtandao una nguvu inapanda juu na kula. Shusha mwenyewe ubora wa picha kwenye 480. Na zile video zinazoanza kucheza zenyewe unapopitisha rimoti juu yake, nenda kwenye mipangilio uzime. Zinakula kimya kimya.

Halafu kasi. YouTube inashauri megabiti 2.5 kwa sekunde kwa picha ya 720, na 5 kwa 1080. Kabla hujanunua chochote, fungua fast.com, tovuti ya kupima kasi, kwenye simu yako, ukiwa pale pale TV inapokaa. Na usipime saa nne asubuhi wakati watu wako shamba! Pima saa mbili usiku, siku tatu mfululizo, wakati mtaa mzima uko kwenye simu. Hapa kwangu, kwa ruta ninayoilipia kwa mwezi, usiku napata 8, siku mbaya 4. Kwa mjomba, kwa hotspoti ya simu akiwa ndani, nilipata 1.2. Nikatoka uani chini ya mwembe, ikapanda 6. Lakini TV haiwezi kukaa chini ya mwembe. Kwa 1.2 picha inazunguka zunguka, inaganda, unatazama duara tu, na ukinunua stiki ya laki tano duara litabaki lile lile.

Na kwa sisi wa kusini, kumbukeni Mei 2024. Mikongo ya baharini ilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima, na huku kwetu hata barabara ya Dar ilikuwa imekatwa na mafuriko baada ya Kimbunga Hidaya. Siku zile king'amuzi kilikuwa kinaonyesha, flashi ilikuwa inacheza, na stiki ilikuwa pambo. Kwa hiyo usigawe king'amuzi chako kwa jirani eti umeshapata stiki.

Haya, tuje kwenye vifaa.

Boksi la mjomba. Nimelichomeka kwenye TV hii hii. Linawaka haraka, hilo nakubali, na lina matundu mengi: USB mbili, tundu la kadi, tundu la waya wa mtandao. Kwa mtu mwenye flashi zake za movi zilizotafsiriwa, hapo linavutia. Sasa fungua Netflix. Picha ina ukungu. Mjomba alidhani ni macho yake! Kumbe kampuni kama Netflix inatoa picha ya HD kwa vifaa vilivyothibitishwa tu, vyenye ulinzi wa hakimiliki ndani yake. Boksi lisilothibitishwa linapewa picha ya chini, hata likibandikwa stika kumi za 4K. Na ile TV ya inchi 32 yenyewe, nyingi zina nukta 1366 kwa 768. Haifiki hata HD kamili. 4K utaiona wapi?

Lakini la ukungu ningelisamehe. Lililonitisha ni lingine. Mjomba alikuwa na simu ya zamani anaiacha hotspoti imewashwa usiku. Jioni moja alijiunga bando la wiki, wakatazama taarifa ya habari kidogo, wakazima TV wakalala. TV imezimwa, boksi halijachomolewa. Asubuhi bando hakuna. Akawasingizia watoto, akawafokea, na watoto hawakugusa kitu.

Sasa sikilizeni hili vizuri. Mwezi Juni 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, lilitoa onyo kwa umma juu ya kitu kinachoitwa BADBOX 2.0. Ni programu hasidi inayokutwa kwenye vifaa vya bei chee vya Android, vikiwemo maboksi ya TV. Vingine vinatoka nayo kiwandani, vingine vinaipata wakati wa kuviwasha mara ya kwanza, pale unapoambiwa pakua programu hii. Ikishaingia, intaneti ya nyumbani kwako inageuzwa njia ya watu wengine kupitishia mambo yao, hata ya uhalifu, na wewe umelala. Bando lako, jina lako.

Dalili walizozitaja zinaangalika hata na mtu asiye fundi. Kifaa kinakutaka uzime Play Protect, ule ulinzi wa Google unaokagua programu. Kina duka la programu usilolijua. Kinauzwa kwa ahadi kwamba kila kitu ni bure. Chapa yake haijulikani. Ukiona hayo, rudisha, dai hela yako. La mjomba lilikuwa na duka la ajabu na programu ya "mpira bure" imeshawekwa ndani. Siku ile ile nililichomoa.

Na hilo la mpira bure lazima niliseme, maana ndilo linalouza maboksi haya. Haki za kuonyesha Ligi Kuu zinanunuliwa. Mwaka 2021 Azam Media walisaini na TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Mtu aliyelipa hivyo hagawi bure. Kama boksi linakuonyesha Simba na Yanga bila kulipa, kuna mtu kaiba, na ukishamkaribisha mwizi sebuleni usitegemee atachukua cha jirani tu.

Stiki sasa. Hii niliinunua Kariakoo laki moja na elfu kumi na tano. RAM ni GB 1, nafasi ya kuhifadhi ni GB 8. Ni kidogo, na inajionyesha: ukitoka Netflix kwenda YouTube inavuta pumzi sekunde kadhaa. Ukijaza programu kumi itachoka. Mimi nimeweka nne tu na inanitosha. Haina tundu la flashi. Lakini imethibitishwa, Netflix inafunguka kwa HD kamili ukitaka, rimoti yake ni ndogo, hata mama yangu aliizoea siku ya kwanza. Na inapokea video kutoka kwenye simu: unabonyeza ile alama ya kurusha, inatokea kwenye TV.

Ipo na dada yake, ya 4K, yenye RAM GB 2. Hapa nitasema kitu kinachoonekana kinapingana na nilichosema mwanzo: kama tofauti ya bei ni elfu thelathini au arobaini, chukua hiyo. Si kwa ajili ya picha. Ni kwa ajili ya ile RAM, haivuti pumzi. Na mwenye flashi zake aangalie Xiaomi TV Box S kizazi cha pili, ya 2023, ina tundu la USB. Ingawa kabla hujaongeza hela, geuza TV yako uangalie ubavuni. Nyingi zina USB tayari.

Watu wananiuliza Chromecast, kidude cha Google cha kazi hii hii. Google waliacha kuzitengeneza Agosti 2024, zilizopo madukani ni mabaki, na aliyekuja baada yake bei yake ilianzia dola 100. Ukikuta ya mtumba, fahamu kwamba Machi 2025 zile za kizazi cha pili ziligoma dunia nzima mpaka Google walipotuma marekebisho. Ndugu akikuletea Roku, kidude kingine cha aina hii, kutoka Marekani, mshukuru, lakini Roku haina huduma rasmi huku kwetu.

Jambo moja la umeme, limewasumbua wengi. Stiki inajizima na kujiwasha, unadhani mbovu. Mara nyingi umeichomeka kwenye USB ya TV, na USB ya TV nyingi inatoa nusu ampea tu wakati stiki inataka ampea 1. Tumia chaja yake ukutani. Kwa wenye sola hiyo ni habari njema: volti 5 kwa ampea 1 ni wati 5, haitamaliza betri yako. Na huku pwani chumvi ya hewani inakula shaba, kwa hiyo kila baada ya miezi miwili mitatu chomoa, futa meno ya HDMI kwa kitambaa kikavu, rudisha.

Na tafadhali, programu kuwepo kwenye simu yako haina maana ipo kwenye TV. Play Store ya TV inaonyesha zilizotengenezwa kwa TV tu. Mwambie muuzaji aiwashe dukani, utafute mwenyewe ile unayoitaka, uione inafunguka, ndipo utoe hela. Akikataa kuiwasha, ondoka. Na risiti uichukue.

Mjomba je? Nilikaa naye siku mbili, nikamwachia stiki yangu aijaribu, tukapiga hesabu za bando pamoja kwenye daftari lake la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ukurasa wa nyuma. Anachotazama ni Namungo, Yanga, taarifa ya habari na mieleka. Kwa mtandao wa 1.2 na bando la simu nikamwambia: mjomba, usinunue. Hela aliyotaka kununulia stiki akalipia kifurushi cha king'amuzi, na elfu arobaini iliyobaki akanunulia bomba la kupulizia. Stiki nimerudi nayo.

Wewe wa Mtwara mjini, Lindi mjini, Masasi, mwenye ruta ya kulipia kwa mwezi na usiku inafika 4 au 5, nunua stiki, nunua hata kesho. Ila nifanyieni kitu kimoja: pimeni leo saa mbili usiku, mniandikie hapa chini mtaa au kijiji chenu na namba mliyopata. Nitazisoma zote, na video ijayo nitapanda basi kwenda Nachingwea kupima ruta mbili nilizoazimwa.