Betri mbili ndani ya mwaka mmoja, na fundi wa Chikongola aliyepima kwanza

Nimenunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja kwa gari lilelile, Toyota IST ya otomatiki niliyoichukua mkononi kwa mtu hapahapa Mtwara. Kama nawe umeshaambiwa "betri imekufa, weka mpya" zaidi ya mara moja, nakuomba usome kabla hujatoa hela tena.

Gari lilikuwa na tabia yake. Nikilitumia kila siku, Shangani kwenda Naliendele kazini na kurudi, linawaka bila shida yoyote. Nikilipaki Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi nikizungusha ufunguo nasikia tik-tik-tik-tik, taa za dashibodi zinafifia, basi. Majirani wanatoka kuja kusukuma kwa moyo mweupe kabisa, lakini otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, kwa hiyo kinachofuata ni kumtafuta mwenye waya za kubusti. Nilifika mahali nikanunua za kwangu, zikawa zinakaa kwenye buti muda wote.

Siku iliyonichosha ni ile ambayo mama alikuwa anasafiri kwenda Dar. Basi la alfajiri, saa kumi na nusu tuko uani na mizigo, gari likagoma. Mama yangu magoti yanamsumbua, bodaboda huwa hapandi. Siku hiyo alipanda, begi likatangulia kwenye pikipiki nyingine, na mimi nikabaki getini nikimwangalia alivyomshikilia yule kijana kiunoni mpaka wakapotea gizani. Basi aliliwahi. Lakini niliapa sitaishi hivyo tena.

Betri ya kwanza niliuziwa dukani. Muuzaji alifungua boneti, akaitikisa ile ya zamani, akasema imekwisha, akachomoa akapachika mpya. Hakupima kitu. Sina haja ya kumtaja, maana naona hivyo ndivyo tunavyouziwa wengi. Baada ya miezi mitano hadithi ikawa ileile. Niliporudi nikajibiwa nimeiua mwenyewe kwa kusahau taa. Iliniuma, kwa sababu mimi taa huwa naziangalia mara mbili kabla sijafunga mlango. Nikanunua ya pili kwingine.

Mwenzangu kazini ndiye aliyenielekeza kwa fundi umeme wa magari pale Chikongola. Hana kibao, ana kibanda cha mabati na mwembe, magari yanasimama chini ya mwembe. Nilipojieleza, hakuuliza betri nimenunua lini wala wapi. Aliuliza, "Dada, likilala siku ngapi ndiyo linagoma?" Nikamwambia mbili linawaka kwa tabu, tatu haliwaki. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeshapata nusu ya jibu.

Akaanza na vile vya haraka. Terminali zilikuwa na unga wa kijani na nyeupe, kitu cha kawaida kwetu tunaokaa karibu na bahari. Akazifungua, ya hasi kwanza, akazisafisha kwa maji ya moto na magadi, akazikausha na kuzipaka grisi. Akaweka mita kwenye betri gari likiwa limezimwa: volti 12.1. Akanieleza kwamba betri nzima iliyojaa, ikipumzika, inasoma 12.6 hivi. Ikiwa 12.2 imebaki nusu, ikishuka chini ya 12 hiyo ni tupu. Akaniambia niwashe. Injini ikinguruma, mita ikapanda mpaka 14.2. Hapo akasema alternata, ile inayochaji betri injini ikiwaka, nayo haina kosa, maana inatakiwa kutoa kati ya 13.8 na 14.5. Alipima pia kama diodi za alternata zinavujisha umeme kurudi nyuma, kwa sababu diodi ikiungua inaweza kunyonya betri usiku kucha huku mchana chaji inasoma vizuri. Zilikuwa salama.

Kwa hiyo betri inajaa, alternata inachaji, na bado asubuhi hakuna kitu. "Kuna mtu anakunywa humu ndani gari likiwa limelala," akasema. "Tumtafute."

Hapa ndipo hela yangu ilipofanya kazi, na ndipo nataka uangalie kwa makini. Alifungua mlango wa dereva, akachukua bisibisi akalisukuma lile kofuli la pembeni ya mlango mpaka likajifunga, klik, ili gari lidhani mlango umefungwa na taa ya ndani izime. Boneti akaiacha wazi. Ufunguo akanirudishia, akaniambia nikae nao mbali na gari. Kisha akachomoa waya wa hasi kwenye betri, akaihamishia mita upande wa ampea 10, akaipachika katikati: mguu mmoja kwenye waya, mwingine kwenye nguzo ya betri. Sasa umeme wowote unaotoka lazima upite kwenye mita. Akanionya kwamba mita ikiwa hapo mtu asithubutu kuwasha gari, stata inavuta umeme mwingi mno na fyuzi ya mita itaungua papo hapo.

Halafu tukasubiri. Nilidhani amesahau. Kumbe gari likizimwa, kompyuta zake hazilali mara moja, zinachukua dakika 20, nyingine zaidi ya nusu saa, na ukisoma mita kabla hazijalala utakimbizana na kivuli. Baada ya kama dakika 40 akaniita nije nisome mwenyewe: ampea 0.35. Gari la kawaida likilala linatakiwa lisizidi 0.05. Saa na alamu na kumbukumbu za redio hutumia kidogo tu.

Akachukua kipande cha boksi akaandika kwa kalamu. Kutoka Ijumaa saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Zidisha kwa 0.35 unapata ampea-saa 21. Betri yangu ikijaa inabeba ampea-saa 35. Zaidi ya nusu imenyweka bila gari kusogea hata hatua moja! Nilikiangalia kile kipande cha boksi kwa muda. Mwaka mzima wa shida zangu ulikuwa umeandikwa pale kwa mistari mitatu.

Alichukua mita ya pili akaenda kwenye boksi la fyuzi. Fyuzi hakuzichomoa, maana alisema ukizichomoa na kuzirudisha unaziamsha kompyuta na kazi inaanza upya. Kila fyuzi juu ya mgongo wake ina vidoa viwili vya chuma. Akagusa kimoja huku na kingine kule, fyuzi baada ya fyuzi: umeme ukipita, mita inaonyesha milivolti kidogo. Zote zikasoma sifuri au karibu nayo. Mimi nikakata tamaa, yeye akachangamka. Kama mnyonyaji hapiti kwenye boksi la fyuzi, basi amefungwa moja kwa moja kwenye betri.

Na kweli, kwenye terminali ya chanya kulikuwa na waya mwekundu mnene ambao si wa kiwandani, umepita kwenye ukuta unaotenganisha injini na ndani ya gari, ukaingia chini ya zulia. Akaufuata kwa vidole mpaka chini ya kiti cha abiria. Akaniambia niingize mkono. Kulikuwa na boksi la chuma, na lilikuwa na joto, joto la kikombe cha chai iliyoanza kupoa, kwenye gari lililozimwa tangu asubuhi.

Amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti ya muziki. Aliyenitangulia alikuwa amefunga muziki mkubwa, na alipouza gari aling'oa spika akaiacha yenyewe imelala chini ya zulia. Waya wake mwembamba wa kuiamsha ulitakiwa uunganishwe na redio, ili redio ikizimwa nayo izime. Aliyeifunga aliupeleka kwenye umeme wa kudumu. Imekaa macho usiku na mchana bila spika hata moja. Fundi akaukata ule waya mwekundu kutoka kwenye betri, akauziba ncha, mita ikashuka mpaka 0.02.

Kuhusu betri, hakunificha. Betri za gari hazikutengenezwa kwa kunyonywa mpaka chini, na kila mara inapokaa tupu, risasi ndani yake inashika ugando ambao chaji haiuondoi wote. Aliichaji taratibu usiku kucha, kesho yake akaipima kwa mzigo, yaani huku inatoa umeme mwingi, akaniambia imeumia ila bado ina maisha. Hakuniuzia mpya, na betri anauza.

Jumla nililipa shilingi 30,000, usafi wa terminali na chaji ya usiku humo humo, na bei alinitajia kabla hajagusa gari. Betri zile mbili zilinitoka zaidi ya laki tatu.

Yapo yasiyonifurahisha. Yuko peke yake, kwa hiyo ukikuta magari matatu mbele yako siku imekwisha. Kwa mteja hakuna pa kukaa zaidi ya tairi. Risiti niliiomba mara mbili. Na kwa shida kama yangu lazima uache gari likalale kwake, jambo ambalo kwa anayelitegemea kila siku ni zito.

Nimenunua mita yangu ndogo, shilingi 15,000. Wiki iliyopita nilisafiri kwa basi kwenda Masasi, gari likasimama uani siku nne. Niliporudi nilipima kabla sijawasha: 12.5. Likawaka mara moja.

Ukienda, nenda asubuhi mapema, na useme mwenyewe gari linalala siku ngapi kabla halijagoma. Ijumaa hufunga kwa sala, usimtarajie kabla ya saa nane mchana. Msimu wa korosho ukianza malori humjaza, fanya uwahi kabla ya Oktoba.