Inhela ya buluu au inhela ya dawa mbili?
Wagonjwa wengi wa pumu hapa Lamu hutembea na inhela ya buluu ya salbutamoli mfukoni mwa kanzu au mkobani. Kifua kikibana huivuta na kupata nafuu kwa dakika chache, lakini nafuu hiyo hudumu saa 4 hadi 6 tu, na uvimbe ulio ndani ya njia za hewa hubaki vilevile. Inhela ya dawa mbili, kwa mfano budesonaidi na fomoteroli, hupanua njia hizo kwa saa 12 hivi na kuutuliza uvimbe wenyewe, ndiyo maana tangu 2019 miongozo ya kimataifa haipendekezi mtu mzima mwenye pumu ategemee salbutamoli peke yake. Kwa maoni yangu, kwa pumu, ya pili ndiyo bora, ijapokuwa ni ghali zaidi na humlazimu mtu kusukutua na kutema maji kila avutapo, asije akaota utando mweupe ulimini. Jirani yangu wa Langoni huiweka kando ya mswaki ili asisahau. Kwa ugonjwa sugu wa mapafu, unaowapata hata wanaopikia kuni miaka mingi, hesabu hubadilika: steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe kama hiyo budesonaidi, huongeza uwezekano wa nimonia, hivyo daktari huweza kuchagua mchanganyiko usio nayo.