Sant Climent de Taüll: fundi wa plasta mbele ya ukuta wa mwaka 1123

Mimi ni fundi wa plasta hapa Busia, upande wa Uganda. Dada yangu aliolewa Lleida, Hispania, na aliponialika akaniuliza nataka kuona nini huko. Nikamwambia: nitafutie kanisa la kale ambalo hawakulipiga simenti.

Nilikuwa na sababu. Kuna kigango huku kwetu, sikitaji jina, ambacho mimi na wenzangu tulipewa kukikarabati. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma, na wazee walizipaka chokaa. Kamati ikataka zing'ae. Tukabandua chokaa yote, tukapiga simenti. Misimu miwili ya mvua haikupita. Unyevu ulipanda kutoka kwenye msingi, ukakosa pa kutokea, plasta ikavimba kama malengelenge na kuporomoka. Picha ya Mama Maria iliyochorwa juu ya ile chokaa ilishaondoka na kifusi, na nyundo nilishika mimi.

Basi tukaenda Taüll, kijiji cha milimani, Pirenei, zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka Lleida. Sant Climent ni moja ya makanisa tisa ya bonde la Boí yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Ukifika, cha kwanza ni mnara wa kengele: mwembamba, wa mraba, ghorofa sita, mawe yamepangwa kwa subira mpaka juu. Tarehe ya kutabarukiwa inajulikana kwa sababu iliandikwa kwenye nguzo ya kanisa: Desemba 10, 1123, kwa mkono wa askofu Ramon wa Roda. Kesho yake akatabaruku Santa Maria, kanisa la pili la kijiji hichohicho.

Ndani ni nguzo nene za duara, paa la mbao, na nyuma ya altare ukuta uliopinda kama nusu ya chungu. Hapo ndipo niliposimama. Ukuta umebaki na vipande vya rangi tu, kwa maana mchoro wenyewe uko kwenye jumba la makumbusho Barcelona. Michoro ya kanisa jingine, Santa Maria de Mur, ilikuwa imeuzwa nje na kuishia Boston, Marekani, ndipo wakuu wa makumbusho Barcelona wakawahi kununua michoro iliyobaki katika makanisa mengine. Kati ya 1919 na 1923 mafundi walibandika vitambaa juu ya michoro kwa gundi ya wanyama, wakangoja ikauke, kisha wakavuta. Rangi ikatoka kama ngozi. Mafundi wenzangu, hebu fikirini: kubandua ukuta wa miaka mia nane bila kuuvunja! Iliwezekana kwa sababu rangi ilipakwa juu ya chokaa ingali mbichi, na chokaa ikikauka huwa jiwe na kuifunga rangi humo humo.

Halafu taa zinazimwa. Projekta inaurudishia ukuta picha yake, mstari kwa mstari, kwa dakika kama kumi: Kristo ameketi, mkono wa kuume unabariki, wa kushoto umeshika kitabu chenye maneno EGO SUM LUX MUNDI, yaani Mimi ndimi nuru ya ulimwengu. Niliomba nikae kwa awamu ya pili, wakaniruhusu. Mama mmoja mhudumu akaniuliza natoka wapi. Nikamweleza, kwa mdomo wa dada, habari za makaburi ya Kasubi ya wafalme wa Buganda, nayo ya UNESCO, yalivyoungua 2010 na kujengwa upya kwa nyasi na matete. Akanishika mkono.

Nawashauri mpande mnara, ngazi ni nyembamba lakini bonde lote mtaliona. Bebeni sweta, ni zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Na msianzie Barcelona. Anzeni kanisani, muuone ukuta ulio mtupu, ndipo mwende makumbusho.

Mimi nilikwenda siku ya tatu. Watu walijaa mbele ya Kristo, na haki yao. Mimi nilikaa zaidi kwa mchoro mwingine wa Sant Climent, Lazaro wa Injili, maskini wa mlangoni, mwili umejaa vidonda na mbwa akimlamba mguu. Ulimi wa yule mbwa ni mrefu, umevutwa kwa mkono usiotetemeka, chokaa ikiwa bado mbichi.