Audacity kwa kanda za zamani za nyumbani: nzuri, ila usiwe na tamaa

Kanda za video za VHS za familia nilikuwa nimeshazihamishia kwenye kompyuta. Picha zinatazamika, tatizo ni sauti: "shhh" isiyokatika, na chini yake mvumo wa umeme. Nimezisafisha kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti ambayo ipo tangu mwaka 2000, nami nimeridhika nayo.

Usitarajie miujiza, maana udhaifu uko kwenye kanda yenyewe. VHS ya mfumo wa video wa PAL, kwa mwendo wake wa kawaida, husogea sentimita 2.34 tu kwa sekunde. Kaseti ya muziki husogea 4.76, na kanda inavyokwenda polepole ndivyo sauti inavyokuwa hafifu. Aliyerekodi kwa LP, mwendo wa polepole zaidi, ili kanda ichukue saa nyingi zaidi, sauti yake ni hafifu zaidi.

Ili ifungue faili za video, programu huongezewa FFmpeg, programu saidizi ya kusoma faili hizo. Kisha unatafuta kipande ambacho hakuna anayezungumza, hata kifupi, unakitumia kama sampuli ya kelele, halafu unachagua sehemu yote na kupunguza. Sampuli itoke kwenye tukio hilohilo. Kamera ikihamia chumba kingine, kelele nayo si ileile.

Kupunguza kwenyewe kunataka mkono mwepesi. Mimi naishia kati ya desibeli 6 na 10. Ukipandisha hadi 20 na kuendelea, "shhh" inatoweka kweli, lakini "s" na "f" zinamezwa, vimilio vya ajabu vinazuka, na shangazi anaongea kama yuko ndani ya mtungi. Kuna chaguo la kusikiliza kile kinachoondolewa peke yake. Ukisikia maneno ya mtu humo, umezidisha. Kwangu hicho ndicho kipengele bora kuliko vyote.

Mvumo wa umeme nauondoa mapema, kwa kichujio chembamba, yaani kinachogusa masafa machache tu, kwenye hezi 50, kisha 100 na 150. (Kwenye umeme wa hezi 60, anza na 60.) Kichujio kikiwa kipana, sauti nzito za wanaume zinakonda.

Upepo, televisheni iliyowashwa nyuma, watoto wanaopiga kelele: hapo njia hii haifui dafu, kwa sababu inategemea kelele isiyobadilika. Nilijaribu pia huduma moja ya akili unde ya mtandaoni. Hotuba ya babu ilitoka safi ajabu, lakini wimbo wa harusi uligeuka mchanganyiko wa sauti usioeleweka na vicheko vikafutwa kabisa. Sasa kanda ya harusi isiyo na vicheko ni ya nini? Nikaiacha kwa hotuba tu.

Ukishamaliza, usikate hata kipande cha kimya mwanzoni, la sivyo midomo na maneno vitapishana. Hifadhi kama faili ya sauti ya WAV ya hezi 48,000, uirudishe kwenye video, na sauti ya awali usiifute.